Binti yangu anatolewa kila akifika nyuma. Mchezaji wa wavu aliyekamilika ni yupi?

Mzazi Chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Tanga. Mrefu, anapiga smashi mpaka uwanja unalipuka. Lakini akizunguka tu kufika nyuma, kocha anamtoa. Nyumbani analia kwamba anaonewa. Kocha kaniambia "bado hajakamilika". Akamilike vipi tena?

Mkongwe wa Raskazone:
Haonewi, ila anacheleweshwa. Smashi ndiyo yenye makofi, sawa, lakini mpira hauanzii pale. Mpokeaji akiuparaza ukaenda pembeni, hata seta, yule anayemwinulia mpigaji mpira, awe fundi vipi, atakachompa binti yako ni mabaki. Mimi mchezaji namwangalia miguu wakati sevu, yaani mpira wa kuanzisha, inakuja. Kasogea kabla mpira haujavuka wavu, au kasimama ananyoosha mikono tu?

Dawa ni mchangani, wawili kwa wawili. Raskazone maji yakipwa tunachora uwanja wetu mita 16 kwa 8. Hakuna wa kukubadili, na mpinzani akishajua hupokei, atakupigia wewe tu mpaka ukome. Karch Kiraly wa Marekani ana dhahabu za Olimpiki za ukumbini, 1984 na 1988, na ya ufukweni 1996. Alikuwa mpigaji hatari, na bado timu ile ya 1984 ilimtegemea kupokea sevu: walipokea wawili tu, yeye mmojawapo!

Kijana wa Makorora:
Shikamoo mzee. Lakini si kuna libero siku hizi, yule mtaalamu wa kupokea nyuma? Mrefu ahangaike na mipira ya chini ya nini?

Mkongwe wa Raskazone:
Marahaba. Libero uwanjani ni mmoja kwa wakati, na kwa kawaida hushika nafasi za warefu wa kati wakifika nyuma. Mpigaji wa pembeni anabaki, na ndiye atakayelengwa. Kumtoa kwa mchezaji mwingine ni hesabu: kwa sheria za kimataifa mnayo mabadiliko 6 kwa seti, kutoka na kurudi kwake kunakula 2. Na akisharudi, seti hiyo hatoki tena. Mzunguko wa pili atasimama nyuma, apende asipende.

Mzazi Chumbageni:
Kumbe! Yeye hucheza pembeni, kushoto. Jumamosi namleta. Aje na mpira wa shule?

Mkongwe wa Raskazone:
Usiuharibu kwa chumvi, wangu upo. Aje na kofia na maji ya kunywa. Na mwambie mapema, smashi siku hiyo hakuna.