Naomba ushauri: vihisio vya kujua bomba limepasuka wapi

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa mabomba hapa Lamu, natunza maji ya kambi moja. Bomba likipasuka hatujui mpaka tangi likauke, maana mchanga wa huku hunywa maji yote, juu huoni hata unyevu. Juzi nimechimba tangu alfajiri hadi adhuhuri. Kumbe kiungo kilicholiwa na chumvi kiko hatua tano tu kutoka kwenye vali!

Nataka kujua kilichoharibika nikiwa nimekaa mbali.

Je, nifunge vihisio vya presha kila ncha ya laini, au mita mbili za kulinganisha maji yanayoingia na yanayotoka usiku, watu wakiwa wamelala? Mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo nafikiria redio za LoRa, zile ndogo zinazotuma vipimo mbali kwa umeme kidogo bila mtandao wa simu. Aliyewahi kuzifunga pwani, betri na boksi zilidumu na chumvi hii? Mkubwa wangu anataka bei kabla ya kusi kuanza.