MJADALA: Kijiji chetu kitenge ardhi iwe WMA, au tugome?

Mkulima wa Chemba
Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu tunapakana na Pori la Akiba Swagaswaga. Kuna maneno kwamba kijiji kitenge ardhi iwe WMA, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumatano. Wazee wanasema ardhi ikishaondoka hairudi, vijana wanasema watalii wataleta hela. Mimi nina ekari 6, alizeti na mtama, na mwezi huu tembo wamenipitia mara mbili. Wenye uzoefu, tukubali?

Jirani wa Tarangire
Njoo Babati uone WMA ya Burunge. Vijiji 10 viliungana, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, kwenye mapito ya wanyama yenyewe. Kanuni inasema si chini ya nusu ya mapato ya jumuiya iende vijijini. Kabla hamjanyoosha mikono ulizeni mambo mawili: nusu ya shilingi ngapi, na inaingia mwezi gani. Halafu mtalii wa kule ametoka Arusha anaelekea mbugani. Kwenu atakuwa anaelekea wapi?

Mwana Kondoa
Unaongea kama Kondoa ni mwisho wa dunia. Lami ya Dodoma hadi Babati ipo, na michoro ya miambani ya Kolo ni urithi wa dunia tangu 2006.

Jirani wa Tarangire
Sawa mkuu, michoro ipo. Foleni ya watalii ndiyo sijaiona.

Mtu wa Area C
Semeni ukweli. Mmelima kwenye mapito ya tembo, halafu mnalia. Tembo hajui hati ya kijiji. Na hii ya kusema tembo kala alizeti ni uongo mtupu, tembo hali alizeti. Mnataka kifuta jasho tu, hela ya serikali.

Mkulima wa Chemba
We Area C, upo Dodoma mjini, tembo umemwona kwenye noti. Nakuuliza: kichwa cha alizeti kilichong'olewa na shingo yake kameza nani, kwale? Asubuhi ile nilikipasua kinyesi chake kwa fimbo, maganda ya alizeti yamejaa mle kama pumba za kinuni. Kinyesi chenyewe bado kina mvuke. Nikuwekee kwenye mfuko nikutumie kwa basi la saa sita?

Binti Mgogo
😂😂 Kaka usimtumie, ataomba na risiti.

Mtu wa Area C
Maganda hayathibitishi kitu. Anaweza kuwa alikula majani, kichwa kikaingia kwa bahati mbaya.

Bwana Nyuki Manyoni
Kwa bahati mbaya shamba zima? Mtani, hebu pumzika. Mimi nimezungushia shamba mizinga kwa waya, ukigusa mmoja yote inatikisika. Tembo akisikia nyuki anageuza. Tatizo ni kiangazi, nyuki wanahama, mizinga inabaki mitupu, na tembo sijui nani huwa anamwambia.

Mama Uwele
Sisi tulipaka kamba oili chafu na pilipili. Mvua ya kwanza ikaosha. Ila hili la kula na kukanyaga si la kuchekea. Mwaka juzi afisa aliyekuja kwangu kukagua hasara aliniuliza, "Mama, limeliwa au limekanyagwa?" Nikamwambia baba, njoo na wewe ulale katikati ya shamba, kesho tukuulize hivyo hivyo.

Karani Mstaafu
Tuwekane sawa. Serikali hailipi fidia, inatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu. Kanuni za 2011 ziliweka elfu 25 hadi laki moja kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari 5. Aliyeuawa, waliweka milioni moja.

Mama Uwele
Milioni moja. Huyo tunamfuta machozi au tunamfuta kabisa?

Mkulima wa Chemba
Mzee wangu, shikamoo. Kwa hiyo ekari yangu ya sita tembo aliikula bure?

Karani Mstaafu
Marahaba. Ndiyo, hiyo uliichangia taifa. Na angekuwa nguruwe pori au nyani usingepata hata mia, hao kanuni haikuwahesabu wanyama hatari.

Binti Mgogo
Nyani si hatari?! Aliyeandika hiyo hajawahi kulima karanga.

Mvuvi wa Kilwa
Poleni ndugu zetu wa bara. Sisi tunafunga mwamba wa pweza miezi mitatu hivi, hakuna kuvua, kijiji chenyewe kinalinda. Siku ya kufungua kila mtu anaona pweza wakubwa, hakuna wa kushawishiwa. Na pweza chini ya nusu kilo haruhusiwi kisheria. Hifadhi ikikulipa ukaona kwa macho, inajilinda.

Bwana Nyuki Manyoni
Mvuvi, pweza hatoki baharini usiku kuja kubomoa ghala lako.

Mvuvi wa Kilwa
Kweli. Lakini ninyi siku ya kufungua yenu ni lini?

Mtu wa Area C
Turudi kwenye hoja. Nasisitiza, nyati ndiye anayekula alizeti.

Mama Uwele
Jamani, nani amempa huyu bando?

Mwana Kondoa
Mleta mada, na wewe umetuacha hewani. Huo mkutano ni Jumatano ipi?

Mkulima wa Chemba
Ilikuwa jana. Akidi haikutimia. Nusu ya kijiji walikuwa wamelala, usiku wake tulikesha shambani tukipiga madebe. Umesogezwa wiki ijayo, saa nne asubuhi vilevile.

Binti Mgogo
Waambieni waweke saa kumi jioni basi.