Mrejesho: ile Super Bowl mliyonielekeza nimeimaliza
Wakuu, niliulizia mtu asiyejua sheria aanze na fainali gani ya futiboli ya Kimarekani, mkanipa ya 2024 kule Las Vegas, Chiefs na 49ers. Aisee! Nusu ya kwanza nilisinzia, 49ers wanaongoza 10-3 na kusimama simama kibao, ila ule mpira uliomgonga mguu jamaa wa 49ers Chiefs wakauokota na pasi iliyofuata tu tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6), hapo nikakaa sawa. Muda wa nyongeza ndo balaa, 49ers wanaanza na mpira wanaambulia pointi 3, Mahomes, mrusha pasi wa Chiefs, akawasukuma yadi 75 akampa mwenzake Hardman tachidauni ya ushindi zimebaki sekunde 3 kipindi kiishe, 25-22, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ila kocha wa 49ers simwelewi, umeshinda sarafu ya kuchagua nani aanze na mpira, si bora uanze kukaba ujue unadaiwa ngapi?