Naomba ushauri: kuweka waya wa kupasha joto ndani ya buti

Wadau, habari za kazi. Ninaishi Makete na ninakusanya maziwa kwa pikipiki kuanzia alfajiri, kazi ambayo mwezi Juni na Julai, nyasi za Kitulo zinapokuwa nyeupe kwa jalidi, huniacha na vidole vya miguu vilivyokufa ganzi kiasi cha kutoisikia pedeli ya breki. Kuvaa soksi mbili hakusaidii. Buti inabana, damu haipiti vizuri na baridi inazidi.

Nafahamu kwamba wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya huweka kipasha joto chembamba chini ya vidole, juu ya soli ya ndani, huku betri ikifungwa nje ya kiatu. Nakusudia kufanya hivyo kwenye buti zangu za mpira kwa waya wa nikromu (aloi ya nikeli na kromiamu inayopata moto umeme ukipita) wenye ukinzani wa omu 5 kila mguu, nikitumia pawabenki ya volti 5 inayotoa ampea 2. Hesabu inaleta wati 5 kwa kila kiatu, na pawabenki ya mAh 10,000 ingefika kama saa 3, muda unaonitosha.

Shaka yangu ni jasho na maji. Je, waya huo niufunike kwa silikoni au kwa ngozi, na nyaya za betri nizipitishe wapi bila kutoboa mpira? Tena, mguu wenye ganzi hausikii unapoungua, kwa hiyo naomba kuelekezwa kifaa kidogo cha kukata umeme chenyewe joto likizidi, ambacho fundi wa Njombe au Mbeya anaweza kukifunga. (Mke wangu anashauri soksi za sufu tu.)