Mjadala: Hizi filamu fupi za Tanga zinamlilia nani?

Wajameni, nimechoka. Kila kijana wa hapa akishika kamera anatuletea filamu ile ile: droni juu ya bandari, mzee kakaa barazani anatazama nje, kinanda kinalia, kisha maandishi kwamba Tanga ya zamani inapotea. Mzee mwenyewe hasemi neno. Wazee wa mtaa wa Ngamiani ninaowajua mimi ukiwapa nafasi ya kusema, utaomba wewe kuondoka!

Huo utulivu mnaoulilia ulitokana na njaa. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na mkoa wetu ndio ulikuwa kitovu. Kamba za plastiki zikavunja bei, mashamba yakageuka vichaka, viwanda vikafunga milango, vijana wakakimbilia Dar. Barabara zikabaki tupu, baiskeli zikajinafasi. Leo mtu anaupiga picha ukimya ule anauita uzuri. Sasa bandari imechimbwa, meli inafunga gatini, haingoji tena matishari ya kupakulia mizigo kuifuata nangani. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Kijana aliyepata kibarua huko mtamwambia asikitike kwa lipi?

Walioumia wapo, ila kwenye filamu hawamo. Chukueni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Mwenye nyumba akifariki, warithi wanane hawagawani vyumba sita, kwa hiyo inauzwa. Mnunuzi anabomoa, anapandisha fremu za maduka. Mama aliyepanga chumba cha nyuma tangu wanawe wadogo anaambiwa mwisho wa mwezi awe ametoka, na huko aendako anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na cha dalali. Filamu ni huyo. Haya, tubishane.

WA KWAMINCHI: Shekhe, umekaza mno. Huyo mama atakubali kamera mlangoni, vyombo viko nje, majirani wanachungulia? Hiyo ni kumdhalilisha. Vijana wanapiga bahari kwa sababu bahari haikatai. Halafu kuna kibali cha Bodi ya Filamu, wewe unadhani mtoto wa simu ya mkopo anakifuatilia kwa nauli ya nani? Na droni usiicheke, wala picha za barazani: ni kumbukumbu. Majengo ya Wajerumani yana wa kuyasemea. Baraza la saruji lenye mashimo ya bao likivunjwa, nani ataliandika?

WA CHUMBAGENI: Mimi langu fupi. Zionyeshwe Ngamiani kwenyewe, shuka jeupe ukutani, bure. Zikioneshwa hotelini Raskazone, kule kwa wenye nacho, tunajililia wenyewe kwa wenyewe.

MWANZISHA MADA: Shuka ukutani naunga mkono. Wa Kwaminchi, la kudhalilisha lina dawa: uso usionekane, tuisikie sauti yake, kamera ikae kwenye mikono inayofunga godoro kamba. Baraza pigeni, sikatai, pamoja na mashimo yake. Ila yule mzee mnyamavu wa kwenye filamu zenu simwachii. Awekwe kipaza sauti aulizwe nyumba hii ya nani, imeuzwa shilingi ngapi, na fungu lake ni lipi. Maana mara nyingi huyo mnayemwonea huruma na kinanda ndiye muuzaji.