Walimu tumeshagoma siku nyingi, hamjatushtukia tu

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimechefukwa, atakayeona nimekuwa mkali anivumilie au apite.

Kuna watu wamezoea, mwalimu akilia njaa tu wanakuja mbio na "ualimu ni wito". Sawa. Mangi dukani hapokei wito, na mwenye nyumba ndiyo kabisa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata, ajira ya 2012. Zamu yetu ya kupanda daraja ilipofika, 2016, serikali ikasimamisha kila kitu: uhakiki wa vyeti feki na watumishi hewa. Wenye vyeti feki waondoke, nani alikataa? Sisi wenye vyeti halali tulikosa nini? Barua yangu nilishaishika mkononi, ina muhuri, ina mshahara mpya. Nikaambiwa irudishe. Mambo yalipofunguliwa tukapandishwa sambamba na vijana waliotukuta kazini. Ule mserereko uliokuja baadaye, wa kuwapeleka waliocheleweshwa kwenye daraja wanalostahili, umewaokoa baadhi, wengine bado tunapanga foleni kwa afisa utumishi na jibu ni lile lile: "Mwalimu, vuta subira, bajeti."

Mwaka huo huo wa 2016 sheria ya bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ikarekebishwa, makato ya mshahara yakatoka asilimia 8 hadi 15. Tuliokopa kwa masharti ya zamani tukaingizwa humo humo. Piga hesabu: bodi 15, mfuko wa pensheni 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, na kodi haijaguswa. Kinachobaki ndiyo kinampeleka mwalimu kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, anaacha kadi ya benki na namba ya siri, mwisho wa mwezi mshahara unatolewa na mtu mwingine.

Na nyongeza zenyewe! Mei 2022 tulitangaziwa asilimia 23.3, watu tukashangilia. Julai slipu zikatoka, kumbe hiyo ilikuwa ya kima cha chini. Wengi wetu tuliona elfu ishirini na kitu. Mtaani lakini kila mtu alishajua walimu wameongezewa, hadi wa nyanya akapandisha bei. 2025 kima cha chini kikatoka 370,000 kwenda 500,000, na kwa aliye kima cha chini ni hatua, sibishi.

Kazi sasa. Nina mikondo minne ya kidato cha kwanza, mkondo mmoja una watoto 96. Nikitoa insha moja nimejitakia insha karibu 400 za kusahihisha, na mtoto wa kidato cha kwanza insha yake huwezi kuipitia juu juu, maana kosa liko kila mstari. Basi unafanyaje? Hutoi insha. Unatoa maswali ya kuchagua, unaweka vyema, siku inaisha. Juu ya hapo kuna azimio la kazi, andalio la somo, zamu, michango ya chakula, na PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, ya kujaza kwa simu yangu na bando langu, huku mtandao mpaka usimame juu ya kichuguu nyuma ya choo cha wavulana.

Kuhusu mgomo. Tarehe 30 Julai 2012 CWT, Chama cha Walimu Tanzania, iliitisha mgomo wa nchi nzima, dai kubwa nyongeza ya asilimia 100. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikasema ni batili, taratibu hazikufuatwa, rudini darasani. Tukarudi. Tangu hapo chama kinakata asilimia 2 yake, hata asiye mwanachama anakatwa, na tunaambulia fulana za Mei Mosi.

Mnadhani baada ya pale walimu waliacha kugoma? Walihamia mgomo baridi. Mwalimu anasaini kitabu cha mahudhurio, anamwachia kiranja daftari anakili notisi ubaoni, yeye yuko kijiweni na bodaboda yake. Mwingine nguvu anaiweka twisheni. Hakuna hakimu atakayewaita, kwa sababu kwenye makaratasi wapo kazini. Na ile insha nisiyoitoa mimi, iiteni mnavyotaka, ni mgomo.

Ndiyo maana nasema mgomo wa wazi ni halali na una afadhali. Unatoa notisi, unataja madai, mzazi anajua mtoto wake leo hajafundishwa na anajua amuulize nani. Huu wa sasa hauna madai wala tarehe ya kwisha, mzazi anakuja kuushtukia matokeo ya kidato cha nne yakitoka.

Kwa hiyo unayetaka kuniambia tukigoma watoto wataumia, kwanza chukua daftari la mwanao jioni hii, tafuta ukurasa wa mwisho wenye kalamu nyekundu, uniwekee hapa tarehe yake. Na wale wa "acha kazi kama hailipi" nanyi karibuni, nipo.