Naomba ushauri: toleo la majaribio limeipita 2.0 kwenye Debian

Habari wakuu, naomba msaada, hasa kwa mnaotunza vifurushi vya programu vya Debian (mfumo wa Linux).

Kuna maktaba ya programu ambayo toleo lake la majaribio (rc1) liliingizwa kwenye hazina ya vifurushi kama 2.0rc1-1 badala ya 2.0~rc1-1. Sasa 2.0 kamili imetoka na apt, programu ya kusakinisha vifurushi, haiichukui. Amri `dpkg --compare-versions 2.0rc1-1 gt 2.0-1` inarudisha 0, yaani kweli: bila alama ya ~, herufi zilizobaki mwishoni huliongezea toleo ukubwa. Kuifuta kwenye hazina hakutoshi, maana waliokwisha kuisakinisha hawatashushwa kwenda 2.0-1.

Nimepima namba 2.0rc1+really2.0-1, yaani 2.0 kamili iliyopewa namba inayoanza na 2.0rc1. Inalipita la sasa, inatimiza `>= 2.0`, na 2.0.1-1 ikija itakuwa juu yake, kwa hiyo namba hii mbaya itaondoka yenyewe. Ila wasanidi hawajasema 2.0.1 itatoka lini. Epoki, yaani namba ya mbele inayolinganishwa kwanza kabla ya toleo lenyewe, kama 1:2.0-1, naiogopa kweli. Ikiingia haitoki tena, vifurushi vinavyodai `>= 2.5` vitaona vimetimiziwa ilhali si kweli, na vyenye `<< 3` (chini ya 3) vitaikataa.

Je, mnaona sababu yoyote ya kutumia epoki hapa badala ya +really?

La pili ndilo linalonisumbua zaidi: faili ya symbols, inayoonyesha kila kipengele cha maktaba kilianza toleo gani, ina mistari yenye 2.0rc1. Nikiibadilisha kuwa 2.0~rc1, vifurushi vilivyokwisha kujengwa vikiwa na tegemeo la `>= 2.0rc1` vijengwe upya sasa, au viachwe hadi toleo lao lijalo?